Sisi wa Tela la Hema

Harufu ya turubai lililoshinda juani siwezi kuichanganya na nyingine yoyote. Ina nta ndani yake, ina vumbi, na ina kitu kinachokaribia mkate uliosahauliwa kando ya moto bila kuungua. Karakana aliyofanyia kazi Baba, huko Al-Suwaidi, magharibi ya mji wa Riyadh, ilinukia hivyo kutoka lango la bati hadi ukuta wa nyuma. Baba naye alinukia hivyohivyo: shati lake, ndevu zake, hata kipande cha mkate alichonimegea kwa mkono wake. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nilidhani ndiyo harufu ya kila baba. Gari la shule lilinishusha karakana saa nane mchana, nikavua viatu, nikapanda juu ya rundo la maturubai yaliyosubiri kushonwa, nikafanya hesabu zangu huku cherehani kubwa ikinguruma pembeni. Msimu ninaotaka kuusimulia ni wa baridi moja tu, kuanzia mvua za kwanza hadi siku tulipofika Jeddah.

Kwetu ni Mombasa. Baba, jina lake Athman, alikuwa akishona maturubai ya malori kule Changamwe. Ilikuwa ile miaka ambayo kila mtaa ulikuwa na mtu aliyeitwa na Saudia: wanaume kuendesha magari na kulinda malango, wanawake kufanya kazi za ndani. Wengi waliondoka peke yao, watoto wakabaki kwa bibi zao. Sisi tulipata bahati ambayo wakati ule sikujua kuwa ni bahati. Kafili wa Baba, yaani tajiri aliyemdhamini kuingia nchini, alikuwa mzee mpole mwenye karakana ile, aliyehitaji mtu wa sindano nene, na kwenye ikama ya Baba, kile kibali cha kuishi, paliandikwa kazi yake kuwa fundi. Fundi aliruhusiwa kuishi na mkewe na mtoto wake. Kwa hiyo mimi na Mama tulimfuata, tukapanga vyumba viwili juu ya duka la mazulia, na Mama akajifunza kuita muuza mboga kwa Kiarabu kupitia dirishani, akishusha kikapu kwa kamba.

Karakana ile ilitengeneza vitu vya kwenda navyo jangwani. Watu wa Riyadh, majira ya joto yakiisha, hawatulii majumbani. Hali ya hewa ikipoa wanatoka na familia zao kwenda kukaa mchangani siku mbili tatu, wakapika, wakanywa kahawa, wakaota moto. Matembezi hayo wenyewe huyaita kashta. Wenye mali huenda na karavani, nyumba kamili ya kuta ngumu inayovutwa na gari, yenye choo, jokofu na mashine ya kupoza hewa. Wengine huenda na tela la hema. Ukiliona tela hilo limefungwa, utadhani ni sanduku la bati lenye magurudumu mawili, urefu wake unakomea kifuani mwa mtu mzima. Lakini ukizungusha mkono wa chuma ulioko mbele, paa linapanda polepole, kisha unavuta vitanda viwili vinavyochomoza kushoto na kulia, unasimamisha vyuma, na turubai linakazwa pande zote likawa kuta. Sanduku limekuwa chumba. Kuta hizo ndizo zilizokuwa riziki yetu.

Baba aliwajua wateja wake kwa jinsi walivyoingia langoni. Karavani ililetwa na dereva. Mwenyewe alipiga simu akasema taa fulani haiwaki, mfereji fulani unavuja, akauliza itakuwa tayari lini, akakata. Wengine hatukuwahi kuwaona sura. Mwenye tela la hema alilileta mwenyewe, mara nyingi na watoto nyuma ya gari, na hakuondoka. Alitaka kuonyesha kwa kidole chake mahali turubai lilipochanika na kueleza lilivyochanika: upepo ulitoka upande huu, mtoto aliegemea hapa. Alishika ncha ya turubai Baba akishona, akalalamika kuwa uzi ni mwembamba. Kisha alileta birika la kahawa na tende, akakaa chini na mafundi. Baba alikuwa akisema, akicheka, kwamba wenye karavani ni wateja rahisi na wenye hema ni wasumbufu, na kwamba angeomba Mungu ampe wasumbufu tu mpaka azeeke.

Msumbufu mkubwa kuliko wote alikuwa Abu Nasir, mwalimu mstaafu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Tela lake lilikuwa la zamani, rangi ya mchanga, na kila mwaka kabla ya baridi alilileta likaguliwe kama mtu anayempeleka mama yake hospitali. Alinifundisha kuhesabu kwa Kiarabu kwa kutumia mishono ya turubai. Mwaka huo alikuja amechelewa, mvua ya kwanza ilikwisha kunyesha, na alikuja peke yake. Mkewe alikuwa amefariki katikati ya joto. Baba alimpa pole, kisha Abu Nasir akasema kwa Kiarabu chake cha polepole, alichokitumia kwetu ili tumwelewe, "Athman, hema hili haliwezi kusimamishwa na mtu mmoja. Nimejaribu uani kwangu. Ninashika huku, kule kunaanguka."

Baba aliweka sindano chini. "Ijumaa hatuna kazi," alimwambia. "Mimi na familia yangu tutakuja kukushikia kule kunakoanguka."

Ndivyo tulivyoanza kwenda kashta. Kila Ijumaa baada ya swala, wakati mwingine tangu Alhamisi jioni, Abu Nasir alikuja na gari lake kubwa likivuta tela, sisi tukapanda na sufuria zetu, tukatoka mjini kuelekea kaskazini mpaka majengo yakaisha. Mvua ilikuwa imeotesha majani mafupi mchangani, membamba kama nywele za mtoto mchanga. Tulikuwa wanne, na kila mmoja alikuwa na pembe yake ya hema. Yangu ilikuwa ya nyuma kushoto. Abu Nasir alizungusha mkono wa chuma, akasema "Yalla, Zuhura!", nami nikachomeka chuma changu kwenye tundu lake na kukikaza mpaka vidole viume. Mara ya kwanza ilituchukua karibu saa nzima, Mama akakasirika kwa kuwa wali ulikuwa haujaanza kupikwa. Mwezi wa pili tulikuwa tukimaliza kabla chai haijachemka.

Wenye matela ya hema walikuwa na mahali pao, chini ya kilima kimoja cha mawe, na ukiwa mwenzao ulijulikana hata kama u mgeni mweusi kutoka Mombasa. Walikuja bila kuitwa kukusaidia kusimamisha. Walikuuliza umefunga vipi kamba za nyuma. Kwa kuwa kuta zilikuwa nguo, tulisikiana wote: nani anakohoa, mtoto gani amekataa kulala, bibi gani anamsema mkwewe. Hakuna aliyejifanya hakusikia. Asubuhi walipeleka dawa ya kifua kwa aliyekohoa. Walitazama mawingu kama wakulima, maana turubai likikunjwa likiwa na maji huota kuvu, na sikuwahi kuona watu wazima wakiogopa kitu kama wenye matela walivyoogopa kuvu. Mvua ikiwakuta mwisho wa safari, walilikunja kwa haraka, wakalifungua tena uani kwao siku hiyohiyo likauke. Ng'ambo ya kilima zilikaa karavani. Ulijua kuna watu ndani kwa mngurumo wa jenereta. Mlango ulifungwa, pazia likashushwa, na kutoka nje hukusikia sauti yoyote ya mtu.

Mama hakukubaliana na sifa hizi zote. Alizitazama karavani kwa macho ya mtu anayepita dukani bila kuingia. "Nyinyi semeni tu," alituambia akiwa amebeba kopo la maji kuelekea nyuma ya mawe. "Mwenye choo chake na mlango wake anajua anachokipata." Baba alicheka mpaka akakaa chini. Lakini siku upepo wa mchanga ulipotupiga, Mama mwenyewe ndiye aliyetoka mbio bila viatu kwenda kushika hema la jirani, mwanamke wa Kisudani aliyekuwa na watoto wachanga wawili, na wakalishikilia pamoja, shungi zimewafunika nyuso, mpaka upepo ukapita. Walipoachia walikuwa wakikumbatiana na kucheka kama wasichana wa shule. Sijawahi tena kumwona mama yangu akicheka vile.

Katikati ya baridi hiyo kafili wa Baba alifariki. Wanawe hawakutaka karakana. Waliifunga na kugawana vifaa. Baba alitafuta kafili mwingine wiki baada ya wiki, akitoka asubuhi kwenda Batha, kule sokoni kwa wageni ambako habari za kazi zilipatikana haraka kuliko mahali pengine, na akarudi jioni vumbi limemjaa nyusi. Hatimaye alipatikana mtu aliyekubali kuhamishia ikama yake kwake, lakini kama dereva wa nyumbani. Dereva wa nyumbani hukaa chumba cha langoni kwa tajiri wake. Dereva wa nyumbani hana ruhusa ya kuishi na mke na mtoto. Haya yote niliyajua baadaye. Wakati ule niliona tu kwamba Baba na Mama walinyamaza nilipoingia chumbani, kwamba cherehani ndogo ya Mama ilichukuliwa na jirani, na kwamba kitanda changu kiliuzwa. Niliuliza. Mama alimtazama Baba. Baba akasema tunahama nyumba, na kabla ya kuhama tutafanya safari kubwa na Abu Nasir, tukaione Bahari ya Shamu huko Jeddah, ambako binti yake Abu Nasir anaishi. Tungelala njiani ndani ya tela. Niliruka nikagonga kichwa kwenye rafu ya vyombo.

Safari ilikuwa ya siku tatu. Ningeweza kuisimulia kilomita kwa kilomita. Tulipita nchi tambarare isiyo na kitu, ngamia wakisimama mbali kama wamesahauliwa pale, na Baba, aliyekuwa akipokezana usukani na Abu Nasir, aliimba nyimbo za harusi za kwetu, akibadilisha maneno ili jina langu liingie. Siku ya kwanza tulisimamisha hema karibu na kituo cha mafuta, na mwenye duka la chai alikuja akashika pembe bila kuulizwa, kwa kuwa, alisema, baba yake aliwahi kuwa nalo kama hilo. Siku ya pili tulifika milima ya Taif. Nyani walikaa kwenye kingo za barabara kama wazee wa baraza. Mmoja alipanda juu ya tela na kung'oa kifuniko cha taa, Abu Nasir akamfukuza kwa kumhutubia kwa Kiarabu cha darasani. Nilicheka mpaka nikalia. Baba alinitazama kwenye kioo cha gari. Alinitazama sana siku zile. Nilidhani anafurahi tu. Chini ya kitanda changu cha turubai kulikuwa na masanduku yetu mawili makubwa, na nilipouliza ya nini, niliambiwa ni mizigo ya watu wa Jeddah.

Siku ya tatu tulifika Jeddah, tukapiga hema kaskazini ya mji, ufukweni, mahali wenye familia walipokuja kupumzika. Bahari ilikuwa tulivu, na hewa ilikuwa nzito, yenye unyevu ambao Riyadh hatukuujua. Asubuhi tulilikuta turubai limelowa umande hadi likatiririsha maji. Jirani yetu alikuwa mwenye karavani nyeupe, ndefu kuliko zote nilizowahi kuona. Familia yenyewe ilishinda mjini madukani. Aliyebaki kuiangalia alikuwa Mkenya, mwanamke wa Machakos aitwaye Wanza, mfanyakazi wao wa ndani. Alipotusikia tukizungumza Kiswahili jioni ya kwanza, alikuja mbio akifuta mikono kwenye aproni. Alimshika Mama mabega akasema, "Sema tena. Sema chochote, dada. Miezi sita sasa sijasikia mtu uso kwa uso akiongea kama nyumbani." Mama alimpa chapati. Alikula akiwa amesimama, akitupia macho barabarani kama madam wake angetokea.

Asubuhi iliyofuata Baba aliniita tukakae kwenye mkeka nje ya hema. Mama alikuwa ndani na hakutoka. Abu Nasir alikwenda kusimama majini, mgongo wake ukitutazama.

"Zuhura, mwanangu," Baba alisema, "leo saa saba wewe na Mama mnapanda ndege. Mnarudi Mombasa."

"Na wewe?"

"Mimi nitabaki kidogo. Kazi."

"Kidogo ni siku ngapi?"

Alikuwa na mchanga mkononi, akiumimina kutoka kiganja hiki kwenda kile. "Miaka miwili," alisema. "Nikimaliza miwili napewa likizo."

Sikulia. Niligeuka nikayaona masanduku, ambayo Mama alikuwa akiyavuta nje, nikaelewa kila kitu kwa pamoja: kitanda, cherehani, nyimbo, kioo cha gari. Wote walijua. Abu Nasir alijua. Yule muuza chai wa barabarani huenda alijua. Nilikuwa mpumbavu peke yangu, nikiwacheka nyani. Nilisimama nikakimbia, na kwa kuwa ndani ya hema usingeweza kujificha wala kulia bila kila mtu kukusikia, nilikimbilia mahali pekee penye mlango. Nilipanda ngazi za ile karavani, nikampita Wanza, nikaingia chooni na kujifungia kwa komeo.

Ndani kulikuwa na baridi na harufu ya limau. Mashine ilinguruma juu ya kichwa changu. Nilijua Baba ananiita nje, nilijua lazima ananiita, lakini sikumsikia hata kidogo. Kuta zile hazikupitisha kitu. Nilikaa sakafuni nikiwa nimekumbatia magoti, na nilifurahi kwamba hasikiki. Niliyemsikia ni Wanza, kwa kuwa alikaa chini upande wa pili wa mlango.

"Toka, mami," alisema. "Babako anazunguka huko nje kama mtu amepoteza pesa. Wamekutafuta mpaka kwa maji."

"Alinidanganya."

"Nimesikia. Jana mamako aliniambia. Mimi pia nilidanganya wangu. Nilimwambia naenda soko Machakos mjini. Alikuwa na miaka minne. Nikamwambia, nikirudi nitakuletea ndizi."

Nilimuuliza sasa ana miaka mingapi.

"Saba. Ndizi bado ananiuliza. Kwa simu, ananiuliza." Akagonga mlango kwa kidole kimoja. "Toka, madam asikupate humu. Atanifukuza, na wewe bado utapanda ndege."

Nilitoka kwa ajili yake. Sikutoka kwa ajili ya Baba. Saa ilikuwa imekwenda. Hawakuwa na nafasi ya kusubiri jua likaushe turubai, na walikuwa wamelikunja watatu, bila mimi, likiwa bado linadondosha maji. Baba alikuwa akibana kufuli la mwisho. Mtu yule, aliyeweza kumgombeza tajiri mwenye gari la fahari kwa kukunja hema bichi, alikuwa amelikunja bichi la Abu Nasir.

Uwanja wa ndege ulijaa mahujaji wa Umra na wanawake vijana wa kwetu, wengine wanakuja, wengine wanarudi, wakiwa na mabegi ya aina moja. Baba alitusukumia toroli mpaka mahali asiporuhusiwa kupita. Alimuaga Mama kwa kumshika kiganja kwa mikono yake yote miwili. Kisha akapiga magoti mbele yangu, palepale watu wanapopita.

"Nipe mkono, mama yangu."

Niliikunja mikono yangu, nikaificha kwapani. Nilitazama gurudumu la toroli.

"Zuhura!" Mama alisema. "Muage baba yako!"

Nilitikisa kichwa. Nilitaka aumie. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na silaha yangu ilikuwa hiyo moja, na niliitumia yote.

"Muache," Baba akamwambia Mama. Alinigusa utosini, akasimama kwa shida, akapangusa magoti ya suruali yake. "Si kitu. Tutaagana siku nyingine."

Tulipokuwa Mombasa, Baba alipiga simu kila Ijumaa. Majuma ya kwanza nilikataa kuja kwenye simu, nikimsikia Mama akinitafutia visingizio: yuko chuo cha Kurani, ana homa. Baadaye nilikuja, nikajibu maswali ya shule kwa neno moja moja. Aliniuliza siku moja, kwa sauti ya mzaha, "Bado umenikasirikia?" Nikasema la, kwa sauti ya mtu anayesema ndiyo. Nilikuwa na mpango. Nilipanga siku atakapoteremka uwanja wa ndege wa Moi nitamwacha anitafute kwenye umati kidogo, kisha nitamrukia kwa nyuma. Niliwaza hata nguo nitakayovaa. Na kwa kuwa nilikuwa na mpango mzuri namna hiyo, sikuona haja ya kumwambia lolote kwenye simu.

Alifariki miezi minne kabla ya likizo. Alimpeleka tajiri wake kazini, akaegesha gari kivulini, na tajiri aliporudi alimkuta ameinamia usukani. Walisema ni moyo. Hakuwahi kutuambia kwamba moyo unamsumbua. Aliyepiga simu alikuwa Abu Nasir, akilia kwa sauti ya wazi kama mtoto, akichanganya Kiarabu na maneno machache ya Kiswahili tuliyomfundisha. Alituambia kwamba Baba alizikwa Riyadh siku ileile, na kwamba waliolibeba jeneza walikuwa wengi, karibu wote ni wenye matela ya hema wa kule chini ya kilima, waliopashana habari kwa simu. Ndipo Mama, siku za matanga, aliponiambia jambo ambalo alikuwa amelinyamazia. Alimsihi Baba aniambie ukweli tukiwa bado Riyadh. Baba alikataa. Alimwambia, "Nipe siku tatu za mwisho na mtoto anayecheka. Akishajua, sitampata tena."

Miaka imepita. Mwaka jana mimi na mume wangu tulikwenda Umra, na tulipomaliza tukachukua basi hadi Riyadh. Barabara ni ileile, lakini nilisinzia sehemu kubwa ya njia. Kwa basi, jangwa ni dirisha tu. Karakana sasa ni duka la simu. Namba ya Abu Nasir haipatikani tena. Makaburini mlinzi alituambia kwa adabu kwamba wanawake hawaingii. Mume wangu aliingia peke yake, mtu ambaye hakuwahi kumwona Baba hata kwa siku moja, na mimi nikabaki nje kwenye ukuta, jua likinichoma miguuni. Alirudi baada ya nusu saa, kanzu imejaa vumbi jekundu. "Hakuna majina," aliniambia. "Ni mawe tu, safu kwa safu. Nimewatolea salamu wote." Nilimshukuru. Nilitaka kumuuliza kama kulikuwa na kaburi lolote lililokaa kama la mtu aliyekuwa akisubiri kuagwa, lakini hilo si swali la kumuuliza mtu.

Nina binti wa miaka minne. Kila tunapofunga mlango wa nyumba yetu ananiuliza tunakwenda wapi, nami humwambia ukweli, wote, hata kama ni kwa daktari na kuna sindano. Hulia njia nzima. Mume wangu hunitazama, na mara moja aliniambia kwamba ningeweza kumwachia afurahie gari kwanza, machozi yamngoje kule kule. Nilimjibu kwa ukali, nikajiapiza kwamba mtoto wangu hatadanganywa na mtu anayempenda. Lakini usafi huo wa moyo haunitoshi kila siku. Mtoto wangu hajawahi kuwa na siku tatu kama zile. Zilikuwa furaha kamili, isiyo na kivuli, na kuna mtu mmoja aliyekaa ndani yake akijua mwisho wake, akaimba. Nimekuwa nikimlaumu na kumlilia kwa wakati mmoja tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja. Lau angenirudia leo akanipa nichague, ukweli tangu Riyadh na kuagana vizuri, au zile siku tatu kama zilivyokuwa, nadhani ningesimama mbele yake muda mrefu bila kujibu, na mikono yangu ikiwa wazi.